Ngumi kwenye Nguzo ya Kumi na Nne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi. Kwenye uwanja wa kuanzia wa msitu wa Kettle Fork, pikapu ya kijani ya Wendell Stroud ilikuwa imesimama pale pale ilipoachwa Ijumaa mchana. Trela iliyofungwa nyuma yake ilikuwa tupu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na sehemu pekee ya uwanja iliyobaki kavu ilikuwa mstatili wa changarawe chini ya pikapu hiyo.

Sajini Marit Haugen, mpelelezi wa polisi wa kaunti, aliizunguka mara mbili bila kugusa kitu. Kisha akavaa glovu za mpira, akafungua mlango. Ndani kulikuwa na chupa ya chai, msumeno wa mkono, ramani ya njia za msituni na kisanduku cha baridi. Ndani ya kisanduku kulikuwa na sindano tatu za insulini, zote zimejaa.

Alizihesabu mbele ya mke wa Stroud, Ardith, mwanamke mrefu wa miaka sitini aliyekuwa amevaa koti la mumewe.

"Anajichoma mara ngapi?"

"Asubuhi, jioni, na kila anapokula. Ya jana asubuhi alijichoma jikoni, nikimwona. Ya jioni ndiyo hiyo hapo mkononi mwako."

"Daktari wake anasemaje?"

"Anasema apatikane kabla ya jioni ya leo. Nikamuuliza, asipopatikana? Akarudia hayo hayo." Ardith akafunga zipu ya koti hadi shingoni. "Na wewe usije ukaniambia mnafanya kila linalowezekana. Wendell amekuwa mtu wa kujitolea kwenye misako miaka thelathini. Maneno hayo nimemsikia akiwaambia wake za watu. Niambie mnatafuta wapi."

"Kati ya nguzo ya kumi na nne na ya ishirini na moja."

"Kwa nini hapo?"

"Ndipo alipoonekana mara ya mwisho."

Ardith alikubali jibu hilo. Haugen mwenyewe hakulikubali sana, kwa kuwa lilitoka kwenye fomu ya meza ya usajili ya msako, na fomu hiyo hakuijaza yeye.

Uwanja ulikuwa umejaa. Matrela ishirini na saba, watu arobaini na wawili, na karibu kila mmoja ana pikipiki yake ya magurudumu manne inayonguruma. Mtu alikuwa akigawa mikate ya mdalasini kutoka kwenye sinia. Watu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, wanafunga kofia zao, wanafungua, wanafunga tena. Wote walimjua Stroud. Njia ya Mgongo, maili kumi na nusu za tope na mawe zilizopita juu ya ukingo wa milima na kuwekwa nguzo yenye namba kila nusu maili, robo tatu yake ilikuwa imechimbwa kwa mikono yake na ya chama chake cha waendeshaji.

Lyle Amundsen, makamu mwenyekiti wa chama hicho, ndiye aliyetoka naye Ijumaa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, ndevu nyekundu, macho ya mtu ambaye hajalala. Alikuwa amepanda msituni na timu ya kwanza tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sasa alikuwa ameshuka kujaza mafuta. Haugen alimweka kando ya pikapu yake ya polisi, akafungua daftari juu ya boneti.

"Kazi yako?"

"Mbao. Nachana mbao za magitaa."

"Nani alikuwa mbele jana?"

"Mimi. Wendell hakai mbele hata umlipe. Anasema mtu wa mbele anaona njia, mtu wa nyuma anaona watu."

"Mliondoka hapa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi. Tulikuwa tunakagua mifereji ya maji kabla ya mvua kubwa. Nguzo ya kumi na nne tukapishana na Bev Kowalczyk na wazee wenzake. Wendell alikuwa nyuma yangu, naiona taa yake. Nguzo ya ishirini na moja nikasimama kumngoja, hakuja. Nikarudi mpaka kumi na saba, hakuna mtu. Nikajua amekasirika."

"Kwa nini akasirike?"

"Nilipita kwenye dimbwi kwa kasi, nikamvika tope kuanzia kofia mpaka buti." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Si unamjua alivyo. Nikasema mwache apoe. Nikashuka kwa barabara ya changarawe mpaka nyumbani. Mimi naishi lango la chini, natoka nyumbani nimepanda pikipiki, kwa hiyo nikirudi hapa sikupita. Ningepita ningeiona pikapu yake."

Maelezo yalikuwa mafupi, yamepangika, na kila kipande kingeweza kuhakikiwa au kutohakikiwa. Haugen aliyaandika yote.

Saa tatu kasoro dakika kumi, redio ikalia. Mwenye mbwa wa msako alikuwa amepata glovu ya rangi ya chungwa karibu na nguzo ya kumi na tisa, imening'inia kwenye kijiti upande wa bonde. Ardith alipoulizwa, alisema Wendell alikuwa nazo jozi moja, na hakuna mwingine mwenye rangi mbaya kama ile.

Uwanja mzima uliondoka kwa pamoja.

*

Orrin Pruett, mwangalizi wa njia wa idara ya misitu, ndiye aliyebaki kumwongoza Haugen, baada ya wengine wote kutangulia. Haugen alimfuata kwa pikipiki ya idara. Njia ilikuwa nyembamba, pana kwa chombo kimoja tu, imebanwa na misonobari mikubwa upande huu na makangaga upande ule. Tope lilirukia miwani. Kwenye miteremko magurudumu ya nyuma yalitafuta mahali pa kushika, yakakosa, yakapata. Haugen alikuwa hajaendesha kwa miaka sita, na mwili wake ulikumbuka kila kitu isipokuwa maumivu ya mikono.

Karibu na nguzo ya kumi walisikia injini zinashuka. Orrin akasogea pembeni. Mtu wa kwanza aliyetokea kwenye kona aliinua vidole viwili: wawili wako nyuma yangu. Wa pili akainua kimoja. Wa tatu akapita na ngumi iliyofungwa: mimi ndiye wa mwisho, njia ni yenu. Orrin naye aliwainulia kidole kimoja kwa ajili ya Haugen, huku redio ikiwa kati ya meno yake na mkono wa kulia ukiwa kwenye mpini wa mafuta. Haugen, aliyemfuata, akainua ngumi. Alifanya hivyo bila kukumbuka ni nani aliyemfundisha. Ndiyo salamu ya njia hizi, na ndiyo inayozuia watu kugongana uso kwa uso kwenye kona.

Kwenye nguzo ya kumi na tisa kulikuwa na watu thelathini, na wote walikuwa na maoni. Bonde lilikuwa na kina cha ghorofa nne. Kamba zilikuwa zimeshafungwa kwenye miti.

"Ameanguka hapa, bosi," Orrin alisema. Alikuwa akitweta kwa furaha. "Bila shaka. Tunashuka na kamba, saa moja tu tunampata."

"Nani ameigusa?"

"Hakuna. Mwenye mbwa kaiacha kama alivyoikuta."

Haugen alipiga picha tano. Kisha akaitoa glovu kwenye kijiti na kuiminya. Halikudondoka tone. Akaigeuza, akaingiza kidole ndani ya kila kidole cha glovu. Bitana la manyoya lilikuwa kavu mpaka nchani. Akanyoosha mkono, akachuma konzi ya kuvumwani iliyoota kwenye tawi lile lile glovu ilipokuwa imening'inia, akaiminya vilevile. Maji yalimtiririkia mpaka kiwiko.

Orrin aliacha kutweta.

"Mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa nne usiku. Ikakoma saa kumi na moja alfajiri."

"Basi glovu hii ilikuja hapa baada ya saa kumi na moja alfajiri. Nani alipita hapa kabla ya mwenye mbwa?"

"Timu ya kwanza. Watu watatu." Orrin aliwataja wawili. "Na Lyle. Lyle ndiye alikuwa mbele."

"Hilo lisitoke mdomoni mwako."

"Labda Wendell mwenyewe kapita hapa alfajiri. Kachanganyikiwa, anatembea tu."

"Labda. Mbwa amepata harufu?"

"Mbwa anazungukazunguka tu, anarudi kwenye glovu."

Inawezekana pia, Haugen aliwaza, kwamba mtu katika timu ya kwanza aliiokota njiani akaitundika ili ionekane, kisha akasahau kusema. Alikwisha kuona mambo ya kijinga kuliko hayo. Glovu ilimwambia saa, haikumwambia mtu. Alimwachia mwenye mbwa watu kumi waendelee na bonde, akawataka wengine wasubiri, akarudi kwenye jambo la mwisho lililokuwa na shahidi.

*

Bev Kowalczyk alikuwa na miaka sabini na mmoja, na pikipiki nyekundu iliyobandikwa picha za paka. Tangu alfajiri alikuwa ameweka jiko la gesi kwenye nguzo ya kumi na nne na kumwaga kahawa kwa kila aliyepita. Wenzake wanne, wote wastaafu, walikuwa wameketi kwenye gogo wakipasha mikono. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Marit, mwanangu," Bev alisema, "unakaa kwenye pikipiki kama umekalia kaa la moto. Baba yako angeona angelia."

"Baba yangu alilia niliponunua gari dogo, bibi. Machozi yalimwisha siku hiyo. Njoo huku, peke yako."

Walisimama nyuma ya mti, mbali na gogo. Haugen alifungua fomu ya mezani. "Imeandikwa hapa: kikundi cha watu watano, walikutana na Amundsen na Stroud, nguzo ya kumi na nne, saa tisa na dakika ishirini."

"Mimi sikusema Stroud."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nimekutana na Lyle. Yule bwana wa mezani akauliza, wale waliotoka pamoja? Nikasema ndio hao. Si walitoka pamoja kweli?"

"Ulimwona Wendell kwa macho yako?"

"Hapana. Nilimwona Lyle, tukapishana, basi. Nilidhani Wendell yuko mbali kidogo."

"Nieleze mlivyopishana. Tangu mwanzo, usiruke kitu."

"Mimi nilikuwa mbele. Nikasikia injini inakuja, nikasogea kulia. Lyle akatokea pale. Nikamwinulia vidole vinne. Yeye akainua mkono wake, akapita. Nikaondoka."

"Akainua mkono vipi?"

Bev aliinua mkono wa kushoto na kumwonyesha. Vidole vyote vilikuwa vimekunjwa.

Haugen alisubiri kuona kama mkono ungebadilika. Haukubadilika.

"Una hakika na hilo?"

"Sajini, hapo nyuma yako kuna kona ambayo huoni mbele hata urefu wa kitanda. Nina watu wanne nyuma yangu, mmoja goti lake la chuma. Angenionyesha kidole kimoja ningebaki pembeni na kungoja huyo mmoja apite. Kanionyesha ngumi, nikaingia konani kwa gia ya tatu. Tukashuka wote mpaka nguzo ya kumi na moja, tukakata kwenda ziwani." Hapo aligeuka, akaitazama njia. "Na hatukukutana na mtu. Njia ni ya chombo kimoja. Hatukukutana na mtu yeyote."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Aliniuliza nani? Wameniuliza saa, wameniuliza nguzo. Ngumi ni ngumi, naziona mia kwa siku, ni kama kumwambia polisi kwamba mtu alinipungia." Aliweka kikombe chake chini kwenye majani. "Nimekaa hapa tangu alfajiri namimina kahawa. Masaa manne, Marit."

"Kaa kwenye pikipiki yako. Usizungumze na wenzako mpaka nimalize nao."

Aliwaita mmoja mmoja. Hakumtajia yeyote neno ngumi. Aliwaambia tu wamwonyeshe Lyle alivyopita. Wa kwanza alikunja vidole. Wa pili alikunja vidole. Mwenye goti la chuma alisema alikuwa anaangalia jiwe, hakuona. Wa nne alikunja vidole na kuongeza kwamba alishukuru, kwa sababu alikuwa na haja ya choo na hakutaka kungoja.

Orrin alikuwa akisikiliza kutoka nguzoni. "Labda Lyle alisahau, bosi. Mtu anachoka."

"Ameendesha miaka mingapi?"

"Ishirini na zaidi."

"Wewe asubuhi hii ulikuwa na redio mdomoni, mkono mmoja kwenye mafuta, na unateleza. Ulisahau?"

Orrin akachukua redio kuagiza Lyle aletwe.

*

Lyle aliletwa nguzo ya kumi na nne saa tano na robo, akiwa na askari mmoja nyuma yake. Alikuwa na tope mpaka kidevuni. Haugen alimpa kahawa, akamwambia kwamba anaweza kutojibu, anaweza kuwa na wakili. Lyle alisema hana la kuficha.

"Jambo dogo tu la kukamilisha fomu. Ulipokutana na Bev hapa, ulimwonyesha nini?"

"Kidole kimoja."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu Wendell alikuwa nyuma. Mmoja nyuma, kidole kimoja. Sajini, hata mtoto anajua."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia uko kwenye mafuta."

"Nimeandika hivyo. Soma, kisha tia sahihi."

Alisoma, akatia sahihi. Haugen alichukua daftari, akasubiri wino ukauke.

"Bev anasema ulionyesha ngumi. Nimewahoji wenzake mmoja mmoja, watatu wanasema ngumi. Halafu wote watano wakashuka nguzo tatu kwenye njia ambayo wewe unasema Wendell alikuwemo, na hakuna aliyemgonga."

Lyle aliutazama mkono wake wa kushoto. Aliutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama chombo cha mwingine alichoazimwa.

"Mkono ulisema kweli, Lyle. Hukuwa na muda wa kuufundisha."

"Nataka wakili."

"Utampata. Wendell yuko wapi?"

"Nataka wakili, nimesema."

"Insulini yake iko kwenye pikapu. Ana mpaka jioni. Akipatikana hai, hilo ni jambo moja. Akipatikana maiti, ni jambo jingine kabisa, kwako wewe kuliko mtu yeyote."

Lyle alimwaga kahawa chini na kumrudishia kikombe. Askari akamfunga pingu. Haugen aliandika saa, akafunga daftari. Hakuwa na ruhusa ya kuuliza tena, na hakuuliza.

Alimgeukia Orrin. "Hakuwa nyuma ya Lyle kwenye kumi na nne. Hakuwa njiani toka kumi na nne mpaka kumi na moja. Zinabaki nguzo kumi na moja za mwanzo. Ni maili tano na nusu, na pande zote mbili ni bonde. Tunazipunguza vipi?"

Orrin alikuwa ameshaanza kuvaa kofia. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Vihesabio," alisema. "Bosi, mimi nina vihesabio."

"Vipi?"

"Makao makuu wanataka takwimu, wapitaji wangapi kwa mwezi. Majira ya kuchipua nilificha visanduku viwili ndani ya visiki, nguzo ya nne na nguzo ya nane. Pikipiki ikipita, kisanduku kinaandika saa. Chama hawajui viliko, wangeanza kupita mara tatu tatu ili waonekane wengi."

"Lyle anajua?"

"Hata mke wangu hajui."

*

Waliendesha kwa kasi ambayo Haugen asingeiruhusu siku nyingine. Kwenye nguzo ya nane Orrin alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kisiki mpaka begani, akatoa kisanduku cha ukubwa wa tofali. Aliunganisha waya na kompyuta yake ndogo. Alikosea neno la siri mara mbili.

"Ijumaa, kati ya saa nane na saa kumi," Haugen alisema. "Soma."

"Kimoja. Chombo kimoja tu. Saa tisa na dakika mbili."

Kwenye nguzo ya nne kisanduku kilikuwa na siafu, Orrin akawapuliza. "Viwili. Saa nane na dakika ishirini na moja. Vimefuatana, sekunde sita katikati."

Haugen aliandika safu mbili na kuchora mstari chini. Nguzo ya nne, viwili. Nguzo ya nane, kimoja. Kati yake, maili mbili.

"Mtu anatumia muda gani hapa?"

"Dakika kumi na mbili. Kumi na tano akiwa mzee."

"Lyle ametumia arobaini na moja."

Saa sita na dakika ishirini na tano aliita kwenye redio. Alisema maneno machache: acheni bonde la kumi na tisa, njooni wote kati ya nne na nane, shukeni polepole, pande zote mbili, angalieni chochote kilichoguswa. Sauti za injini zikasikika kutoka juu ya mlima, moja, tano, thelathini, zinashuka. Bev alikuwa wa kwanza kufika, na hakusema neno la utani.

Ni yeye aliyesimama mita mia moja baada ya nguzo ya tano. Hapo zamani palikuwa na barabara ya wakata miti. Ilifungwa, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa lundo la matawi.

"Hili tulilifunga na Wendell mwezi wa nne," alisema. "Na si hivi."

"Eleza."

"Wendell ana namna yake, anatuchosha nayo. Majani yatazame njia, vikonyo vilivyokatwa vitazame ndani. Mwendeshaji akipita aone kichaka, asione lundo, asipate hamu ya kulipita. Unasimama ndani, unavuta kutoka ndani, halafu unazunguka kwa miguu kurudi. Sasa tazama."

Haugen alitazama. Vikonyo vyote vilivyokatwa, vyeupe na vya duara, vilikuwa vikiwatazama wao.

"Mtu alikuwa amesimama hapa njiani," Bev alisema, "akavuta kila tawi kwa shina, kuja kwake. Alikuwa na haraka."

Walipiga picha, kisha wakayaondoa kwa mikono kumi na sita. Nyuma ya lundo kulikuwa na alama za magurudumu zilizojaa maji. Haugen aliwapanga watu wapite pembeni mwa alama, mmoja nyuma ya mwingine. Baada ya mita mia mbili walikuta kisiki kipya cha mti wa mepeli, kipana kama meza ya watu wanane. Unga wa msumeno ulikuwa umelowa na kuganda kama uji. Shina halikuwepo. Vilibaki vipande viwili tu vilivyochanwa, mbao zake zikiwa na mawimbi mawimbi yanayong'aa, aina inayotakiwa na watengeneza magitaa. Kukata mti wa aina hiyo kwenye msitu wa umma ni kifungo.

"Wendell aliona hiki," Orrin alisema.

"Hatujui aliona nini. Endelea."

Alama za magurudumu za chombo kimoja ziligeuka na kurudi njiani. Za chombo cha pili zilikwenda kulia, zikavuka ukingo wa barabara kiubavu, gurudumu la nyuma likiwa limeburuzwa. Hazikuwa alama za mtu aliyepiga breki na kuteleza mbele. Haugen aliweka rula, akapiga picha, akainama kutazama chini.

Makangaga tu, na chini kabisa, sauti ya maji.

"Kule," Bev alisema. "Njano. Chini ya lile gogo. Madigadi ya pikipiki yake ni ya njano."

Saa nane na dakika sita kamba ya kwanza ilishuka. Mhudumu wa dharura alikwenda mbele, Haugen nyuma yake, mgongo ukipiga udongo, mizizi ikikatika mikononi. Juu yao watu thelathini walishika kamba. Pikipiki ilikuwa imepinduka, imebanwa na mawe ya kijito. Hakukuwa na mtu chini yake. Mhudumu aliguna. Haugen alionyesha kidole: majani yalikuwa yamelazwa kwa mstari, upana wa mtu anayejivuta kwa viwiko, kuelekea kwenye tumbo la gogo.

Wendell Stroud alikuwa ndani ya tumbo la gogo, amejifunika magome. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika. Midomo ilikuwa imepasuka, na alikuwa akipumua haraka na kwa kina, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyochacha. Mkono mmoja ulikuwa na glovu ya rangi ya chungwa. Mwingine ulikuwa wazi.

"Mapigo mia na ishirini na sita," mhudumu alisema. "Sukari imepita kipimo. Nampa maji ya mshipa. Mwambieni mke wake yuko hai." Mtu wa juu alirudia maneno hayo kwenye redio, na sauti ya Ardith ikajibu neno moja tu: "Nimesikia."

Dripu iliingia. Baada ya dakika kumi na tano Stroud alifumbua macho, akamwona Haugen, akamtambua.

"Mzee Stroud, unaweza kuniambia ulianguka vipi?"

"Sikuanguka."

"Nini kilitokea?"

"Nilimwambia Lyle nitasema. Kuhusu ule mti. Nikawasha nigeuze." Alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Akanipiga ubavuni na pikipiki yake. Nikaenda chini."

"Halafu yeye akaondoka?"

"Hapana. Alishuka nusu, akaokota glovu yangu. Halafu akarudi juu, akazima injini. Akakaa kimya anasikiliza kama napumua. Nikaizuia pumzi."

Haugen aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, Stroud akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na nne.